Kunyoosha vidhibiti vya kicheza filamu kabla ya toleo kutoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotengeneza na wanaojaribu programu za kuchezea filamu, ziwe za kompyuta, simu au runinga, waliobakiwa na wiki chache kabla ya toleo kutoka. Maswali ni yale yale, yanarudi kila msimu wa toleo, na nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mstari mmoja, kwa kuwa taabu zenyewe hazilingani.

Filamu inacheza, vitufe vyote vinafanya kazi. Kwa nini tusitoe leo?

"Kinafanya kazi" ni kauli ya aliyekitengeneza. Mtazamaji huuliza jambo jingine: kimenisikia? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alipoandika kuhusu muda wa mwitikio mwaka 1993, aliweka kikomo cha sekunde 0.1. Ndani ya muda huo mtu huona ni mkono wake mwenyewe uliotenda. Ukizidi, anaanza kuhisi kwamba anamwomba mtu amfanyie.

Kicheza filamu kina vitufe vichache kuliko programu nyingi, lakini hubonyezwa gizani, kwa mkono mmoja, na mtu ambaye macho yake yako kwenye hadithi. Akibonyeza kusitisha na kukaa nusu sekunde bila jibu, atabonyeza tena. Matokeo yake filamu inasimama na kuendelea, naye anaapa kwamba kitufe ni kibovu. Ukikagua msimbo, kila mstari uko sahihi.

Basi wiki hizi za mwisho usiongeze kitufe hata kimoja. Kaa na vilivyopo mpaka vijibu papo hapo, na vionyeshe kile kinachotokea kweli.

Orodha ya kasoro ni ndefu. Tuanzie wapi?

Upau wa muda, yaani ule mstari unaoonyesha filamu imefika wapi. Mara nyingi nimeona timu ikimaliza nguvu zake kwenye aikoni na rangi, huku upau wa muda ukiachwa vilevile ulivyotoka kwenye maktaba ya vidhibiti vilivyotengenezwa tayari. Kitelezi cha kawaida kilibuniwa kuchagua namba moja kati ya mia hivi. Filamu ya saa mbili ina sekunde 7,200. Kwenye upau wa pikseli 1,200, kila pikseli imebeba sekunde 6. Kwenye simu iliyoshikwa wima, yenye upana wa vizio 360 hivi, kila kizio ni sekunde 20. Kidole kikitetemeka kidogo tu, mtu ameshahama onyesho zima. Hilo halitibiwi kwa rangi.

Linatibiwa kwa kumwonyesha mtu anakokwenda kabla hajafika: kijipicha cha mahali pale, na saa yake chini ya kijipicha. Kwa skrini ya kugusa ongeza mwendo wa polepole, yaani kadiri kidole kinavyopandishwa mbali na upau, ndivyo kishikio kinavyotembea kidogo kidogo. Na eneo la kugusika liwe nene kuliko mstari unaoonekana. Mstari wa pikseli 4 unaweza kuzungukwa na eneo la pikseli 24 bila mtu yeyote kulitambua, isipokuwa kwa kuona kwamba sasa hakosei.

Ukimaliza hayo, bofya ncha ya mwisho kabisa ya upau. Kama filamu inafungwa na dirisha linarudi kwenye orodha ya faili, bado hujamaliza. Watu huenda mwishoni kutazama majina ya waigizaji, au kwa bahati mbaya tu, na hawapendi kufukuzwa.

Nikiburuta kishikio picha inaganda, halafu inatua mahali ambapo sikupachagua. Kwa nini?

Video iliyobanwa haihifadhi kila fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa ukamilifu. Kuna fremu kuu, ambazo ni picha nzima, na kati yake zimepangwa fremu zinazoeleza mabadiliko tu. Programu ya x264, inayotumika sana kubana video za aina ya H.264, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida huruhusu hadi fremu 250 toka fremu kuu moja hadi nyingine. Kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, hapo pana zaidi kidogo ya sekunde 10. Mtazamaji akitaka sekunde ya 9 baada ya fremu kuu, kisimbuzi (sehemu inayofungua video iliyobanwa) kinarudi kwenye fremu kuu hiyo na kufungua fremu zaidi ya 200 ambazo hakuna atakayeziona, ndipo kimpe aliyoitaka.

Kwa hiyo kuna miruko ya aina mbili: wa haraka, unaotua kwenye fremu kuu iliyo karibu, na wa uhakika, unaotua palepale lakini unachukua muda. Kosa ni kuchagua mmoja na kuutumia kila mahali. Wakati wa kuburuta tumia wa haraka, maana mtu anapapasa tu kutafuta njia. Akiachia, tumia wa uhakika.

Chanzo cha pili cha kuganda ni foleni. Kipanya kinapoburutwa hutuma mahali kilipo mara nyingi kila sekunde. Kila taarifa ikigeuzwa kuwa ombi la kuruka, injini, yaani sehemu inayochezesha video, inajikuta na maombi mengi yaliyokwisha kupitwa na wakati, nayo inayatekeleza moja baada ya jingine kwa utii wote. Injini ikiwa bado inahangaika na ombi moja, mweke mlangoni mgeni mmoja tu, yaani ombi la mwisho kufika. Waliomtangulia waondoke. Badiliko hili huwa la mistari kumi hivi ya msimbo, na sijaona jingine linalobadilisha hisia ya kicheza filamu kiasi hiki.

Angalizo moja kuhusu vitufe vya mshale. Ukitumia mruko wa haraka kwa "mbele sekunde 5", inawezekana fremu kuu iliyo karibu ikawa ile ile uliyotoka. Mtu anabonyeza mbele, filamu inarudi nyuma. Hapo tumia mruko wa uhakika, au angalau kataza kutua nyuma ya pale alipokuwa.

Nikiachia kishikio, kinarudi kilikotoka kwa kufumba na kufumbua, kisha kinaruka tena mbele.

Hii ilinila siku mbili. Nilidhani ni kosa la uchoraji, nikaufukunyua msimbo wa uchoraji wote. Mwishowe nilirekodi skrini, nikaitazama rekodi fremu kwa fremu kwa kutumia kicheza chetu hichohicho, na nikaona: fremu ya kwanza kishikio kiko dakika ya 50, fremu tatu zinazofuata kiko dakika ya 14, halafu 50 tena.

Injini ilikuwa inaendelea kutangaza mahali pa zamani wakati bado inaruka, na upau ukaiamini. Dawa: mtu akiachia, upau ushikilie mahali alipopachagua na kupuuza taarifa za injini mpaka ithibitishe kwamba imefika. Weka pia muda wa kukata tamaa, sekunde mbili hivi, ili mruko ukishindikana upau usibaki umesimama mahali pa uongo.

Kubofya mara moja kunasitisha, kubofya mara mbili kunafungua skrini nzima. Vinagongana. Tufanyeje?

Huu ni mgogoro wa kweli, wala hauna suluhisho lisilo na gharama. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, humpa mtu milisekunde 500 kukamilisha mbofyo wa pili. Ukingoja muda huo uishe ndipo usitishe, umechelewesha kila usitishaji kwa nusu sekunde. Ukisitisha papo hapo na kutengua mbofyo wa pili ukija, filamu inakwikwa kidogo kila mtu anapofungua skrini nzima.

Mimi huchagua la pili. Kusitisha hufanywa mara nyingi zaidi, na kuchelewa kwake huonekana na kila mtu. Kule kukwikwa kunajificha nyuma ya dirisha linalotanuka. Kinachoudhi ni ile aikoni kubwa ya kusitisha inayowaka na kuzimika katikati ya skrini, kwa hiyo aikoni ndiyo icheleweshwe milisekunde 200 hivi; tendo lenyewe lisicheleweshwe.

Kuna mbofyo wa tatu unaosahauliwa: ule wa kuleta dirisha mbele. Mtu alikuwa anaandika barua pepe, anabofya kwenye filamu ili arudi, filamu inasimama. Mbofyo unaoamsha dirisha usihesabiwe kuwa amri.

Kwenye skrini ya kugusa, mguso mmoja ulete vidhibiti au uviondoe, basi. Kusitisha kuwe na kitufe chake.

Kitufe cha kucheza kionyeshe hali iliyopo au tendo litakalofanyika?

Tendo. Filamu ikicheza, kitufe kionyeshe mistari miwili, ikisimama, pembetatu. Alama hizi zilizoeleka tangu enzi za vinasa sauti vya tepu na zimo kwenye viwango vya IEC 60417, kwa hiyo mbunifu wenu asizichore upya ili zifanane na nembo.

Ugumu unaanza filamu inapongoja data. Mtu amebonyeza cheza, picha haijaanza, je, kitufe kionyeshe nini? Programu nyingi hurudisha pembetatu kwa kuwa kwa hakika hakuna kinachocheza. Mtu anaibonyeza tena, na bila kujua ameghairi ombi lake. Kitufe kifuate nia ya mtu: ameomba filamu icheze, basi kionyeshe mistari miwili. Habari ya kungoja ipewe duara linalozunguka, mahali pengine, na lisitokee kabla ya kama nusu sekunde, la sivyo litawaka na kuzimika kila mara mtu anaporuka.

Vidhibiti vijifiche baada ya muda gani?

Sekunde 3 zinatosha. Namba hii hujadiliwa sana na haina maana sana. Chenye maana ni nyakati ambazo havipaswi kujificha kabisa: filamu ikiwa imesimama, menyu ikiwa wazi, kishale kikiwa juu ya kidhibiti, au mtu anapotembea kwenye vitufe kwa kibodi. Nimewahi kuona menyu ya manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa) ikifutika mtu akiwa bado anasoma majina ya lugha. Alidhani amebonyeza kitu kibaya, akafunga programu.

Meza ikitikisika, kipanya husogea pikseli moja au mbili, na vidhibiti huibuka katikati ya onyesho la huzuni. Puuza msogeo mdogo kama huo. Kishale nacho kifichwe pamoja na vidhibiti; ni aibu kuona mshale mweupe umekaa kwenye pua ya mwigizaji.

Na kwenye simu jaribu hili kwa mkono wako: vidhibiti vikiwa vimefichwa, gusa katikati ya skrini. Kama filamu imesimama, maana yake kitufe kisichoonekana kimepokea mguso. Mguso unaoamsha vidhibiti uishie hapo. Hesabu pia muda wa kufifia: kidhibiti kinachofifia, mtu bado anakiona, kwa hiyo kiendelee kupokea mguso mpaka kitoweke kabisa.

Vidhibiti vikipanda, manukuu yapande juu yake. Picha isisogee.

Sauti: robo ya kwanza ya kitelezi inapiga kelele, robo tatu zilizobaki hazibadilishi kitu.

Kitelezi chenu kinazidisha mawimbi moja kwa moja, ilhali sikio halisikii hivyo. Ukikata ukubwa wa wimbi kwa nusu umepunguza desibeli 6, na sikio linasema imepungua kidogo tu; ili lihisi nusu, unahitaji kama desibeli 10. Njia rahisi ni kuchukua thamani ya kitelezi, kati ya 0 na 1, na kuizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu. Katikati ya kitelezi, 0.5, inakuwa 0.125, yaani desibeli 18 chini. PulseAudio, mfumo wa sauti wa Linux, hutumia mkunjo huo wa kipeo cha tatu. Baada ya hapo kila sehemu ya kitelezi ina kazi.

Umbo nalo lisiwe la kuonyesha ufundi. Apple ilipotoa QuickTime 4 mwaka 1999, sauti iliwekwa kwenye gurudumu dogo, kama lile la redio ya mfukoni. Kwa kidole halisi gurudumu ni tamu. Kwa kipanya ilibidi uburute, uinue, uburute tena, na wakosoaji wa violesura (sura ya programu anayoishika mtumiaji) walilishupalia kwa miaka.

Mnaoruhusu sauti kupita asilimia 100, kama kicheza filamu cha VLC kinavyofanya, wekeni kizuizi chepesi kwenye 100 ili mtu asipite bila kujua, kwa sababu baada ya hapo sauti inaweza kuanza kukwaruza. Kitufe cha kuzima sauti kikumbuke kiwango cha awali. Na mtu akipandisha kitelezi wakati sauti imezimwa, iwake; hakuna mwenye nia nyingine anapofanya hivyo.

Vitufe viwe vikubwa kiasi gani?

Apple hupendekeza pointi 44 kwa 44, Android vizio 48 kwa 48, na WCAG 2.2 ya mwaka 2023, mwongozo wa kurasa za wavuti zinazofikika na wenye ulemavu, huweka pikseli 24 kwa 24 kuwa kiwango cha chini. Chukua kikubwa kinachokutosha. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake, na kwa kipanya kuna zawadi iliyofichwa humo: ukingo wa skrini hauna mwisho, kishale hakiwezi kuupita. Kwenye skrini nzima, upau wa muda ukigusa ukingo wa chini kabisa, mtu anautupia mkono bila kulenga. Ukiacha ufa wa pikseli 2 kwa ajili ya urembo, umeitupa zawadi hiyo.

Njia za mkato za kibodi tuchague zipi?

Nafasi kwa kusitisha, F kwa skrini nzima, Esc kwa kutoka, mishale kwa kuruka na kwa sauti. Hapo hakuna mjadala.

J, K na L ndizo zenye mtego. YouTube hutumia J kurudi sekunde 10, K kusitisha na L kwenda mbele sekunde 10. VLC hutumia J na K kusogeza sauti mbele au nyuma ya picha, milisekunde 50 kila mbonyezo. Mtu aliyezoea ya kwanza akifika kwenye ya pili, anabonyeza K, filamu haisimami, anabonyeza tena na tena, kisha analalamika kwamba midomo haiendani na maneno. Chochote mtakachochagua, kila mbonyezo utoe neno kwenye skrini kwa sekunde moja: "Sauti imecheleweshwa ms 50". Mtu asibadilishiwe kitu kimyakimya.

Halafu hakikisheni kitufe cha nafasi kinasitisha hata baada ya mtu kubofya kitufe kingine. Mara nyingi kitufe kilichobofywa mwisho hubaki kimeshika kibodi, na nafasi inakuwa inazima na kuwasha manukuu.

Mbona marekebisho ya ulinganifu wa sauti na picha ni ya milisekunde 50? Nani atasikia hiyo?

Watu wengi, kuliko unavyodhani. Pendekezo BT.1359 la ITU-R, kitengo cha redio cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, linasema tofauti huanza kutambulika sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa 125. Upande wa kutangulia ni mkali zaidi kwa kuwa duniani sauti haitangulii mwanga kamwe; tumezoea kuona shoka likishuka kabla ya kusikia mlio. Vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti kwa kiasi kinachoweza kupita kikomo hicho, kwa hiyo kidhibiti hiki kisizikwe ndani ya menyu ya nne. Hatua ya manukuu inaweza kuwa kubwa zaidi, maana faili la manukuu lililokosea huwa limekosea kwa sekunde nzima.

Je, rangi na aikoni juu ya picha?

Vidhibiti vyeupe juu ya theluji havionekani. Weka kivuli kinachofifia toka chini, ndipo upime: WCAG, tangu toleo 2.1 la mwaka 2018, inataka utofautishaji wa angalau 3 kwa 1 kwa alama za vidhibiti. Pima juu ya fremu angavu kuliko zote, usipime juu ya ile nzuri ya kwenye tangazo lenu. Kwenye picha za HDR, zenye upeo mpana wa mwangaza, nyeupe ya vidhibiti isiachwe ifike kilele cha skrini, ITU-R BT.2408 inaweka nyeupe ya kawaida kwenye niti (kipimo cha mwangaza) 203, na chumba kikiwa na giza macho ya mtu yatakushukuru.

Kwenye runinga tunahitaji kitu gani tofauti?

Rimoti ina mishale minne na kitufe cha kukubali. Hakuna kishale, hakuna kuelea juu ya kitu. Kwa hiyo kila wakati kitu kimoja, na kimoja tu, kiwe kimeangazwa, na mtu akiwa umbali wa kochi aweze kukitaja. Acha pambizo la asilimia 5 kila upande, maana runinga nyingine bado hukata kingo. Kushikilia mshale wa kulia kuongeze kasi ya kuruka pole pole. Saa mbili za filamu haziwezi kuvukwa kwa hatua za sekunde 10. Kitufe cha kurudi kifunge kitu kimoja kwa wakati: kwanza menyu, halafu vidhibiti, mwisho filamu.

Kisoma skrini, kinachowasomea wasioona, kinatamka "asilimia 11" kwenye upau wa muda. Inatosha?

Haitoshi. Asilimia 11 ya nini? Upau useme "dakika 12 na sekunde 5, kati ya saa 1 na dakika 52". Na useme mtu anapoufikia au anapousogeza, basi. Tuliwahi kutoa toleo la majaribio lililotangaza kila sekunde inayopita. Mjaribu wetu asiyeona alivumilia dakika moja kisha akatuandikia kwamba hajasikia hata neno moja la waigizaji.

Tafsiri zinavunja vitufe. Tuzisubiri mwisho?

Ukizisubiri mwisho utakuwa umechelewa. Siku ya leo chukua kila neno la kiolesura, lirefushe mara moja na nusu kwa herufi zisizo na maana, ufungue programu. Palipopasuka patapasuka kwa Kijerumani, na kwa Kiswahili pia.

Kiswahili kina mitego yake. Amueni mapema kati ya "sitisha", "simamisha" na "acha", maana nimeona programu moja ikiyatumia yote matatu kwa kitufe kimoja. Hatari zaidi ni ile huduma nzuri ya kuonyesha filamu itaisha wakati gani. Mkiandika "Itaisha saa 10:15", msomaji wa Kiswahili ataisoma saa kumi na robo, na kwa saa zetu hiyo ni alasiri au alfajiri, ilhali kompyuta ilimaanisha saa nne na robo usiku. Andikeni "Itaisha 22:15" bila neno saa, au "Zimebaki dakika 48", ambayo haina utata kwa mtu yeyote.

Kwa Kiarabu na Kiebrania, menyu zinageuzwa kutoka kulia. Pembetatu ya kucheza na upau wa muda havigeuzwi, kwa kuwa vinafuata mwelekeo wa tepu. Mwongozo wa Material Design wa Google unasema hivyo hivyo.

Tarakimu za saa ziwe na upana sawa. Bila hivyo, 1 ikigeuka 2 maandishi yote yanacheza ngoma kila sekunde.

Tujaribu na watu wangapi?

Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua kama asilimia 85 ya matatizo ya kiolesura, akichukulia kwamba kila mtu hugundua karibu asilimia 31. Nakubali kwa sharti moja: watano kwa kila raundi, na raundi ziwe zaidi ya moja. Watano wa kompyuta hawakuambii kitu kuhusu rimoti.

Msiwape orodha ya vitufe vya kubonyeza. Wapeni filamu, zimeni taa, na katikati waombeni kitu cha kibinadamu: "Turudishe pale mlango ulipofunguka", "Punguza, mtoto amelala." Kaa nyuma yao, ufunge mdomo. Usiangalie skrini, angalia mkono. Mahali mkono unaposita kabla ya kubofya ndipo penye kasoro, hata kama baadaye watakwambia kila kitu kilikuwa kizuri. Watasema hivyo, watu wana adabu.

Maneno na mpangilio vifungwe lini?

Maneno kwanza, ili watafsiri wapumue. Mpangilio wiki moja baadaye. Baada ya hapo yanayoruhusiwa ni yale yanayomzuia mtu kutazama filamu.

Vimeshafungwa, nimeona kivuli kimehama pikseli moja. Nirekebishe tu haraka?

Kiandike, kisubiri toleo lijalo. Niliwahi kurekebisha kivuli cha namna hiyo usiku wa kuamkia siku ya toleo. Kivuli kilikaa sawa. Kilikuwa pia kimepanuka juu ya ncha ya kulia ya upau wa muda, na kwa wiki nzima hakuna aliyeweza kubofya dakika tatu za mwisho za filamu yoyote.